Habari Inavuka Mpaka, Malalamiko Yanakwama Lunga Lunga

Watu wangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo naongelea kitu kinachoonekana cha wazee wa tai: mabaraza ya habari. Usipite kwanza, yakuhusu.

Mwaka jana ukurasa mmoja wa habari wa nchi jirani ulichukua picha ya mabarobaro wa maskani yetu Kisauni, wamekaa zao wanacheza drafti. Kichwa cha habari? Magenge ya panga. Mmoja wao alikuwa ndio kwanza amepata kazi ya ulinzi. Bosi akamwambia akae nyumbani "mpaka mambo yatulie". Hayajatulia hadi leo. Picha imeshazunguka kila grupu, sasa tukashtaki wapi?

Kenya tuna Baraza la Vyombo vya Habari, na lina tume ya kusikiliza malalamiko. Lakini linafanya kazi chini ya sheria ya Kenya ya 2013. Ukivuka Lunga Lunga, nguvu zake zimeisha. Upande wa pili kuna Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995. Halina polisi wala jela. Linawakalisha mlalamikaji na mhariri, na kosa likionekana, linataka lisahihishwe au radhi iombwe. Uganda pia wana baraza lao la hiari, na la serikali kando yake.

Mtu atasema, si tuunde baraza moja la dunia nzima tumalize kesi? Wazo hilo lilishapikwa zamani. Muungano wa mabaraza ya habari duniani ulizaliwa 1992, na wazo la chombo kimoja cha kupokea malalamiko ya mataifa yote likaletwa. Waingereza wakalipinga vikali. Hofu yao: serikali zinazochukia wanahabari zitakishika hicho chombo na kukigeuza rungu. Mwaka 1999 mabaraza ya Ulaya yakaanzisha umoja wao mwepesi. Wanakutana, wanaulizana, hakuna bosi.

Mimi niko na hao wa Ulaya kwa hili. Chuo niliacha, kadi ya uanahabari sina, lakini najua rungu likichongwa halichagui kichwa. Leo linampiga muongo, kesho linampiga anayerekodi askari akichukua hongo pale kwenye mzunguko.

Ila ushirikiano bila bosi si maneno matupu. Tanzania ilipotunga Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, Baraza la Habari Tanzania na mashirika mawili ya haki za binadamu walienda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Machi 2019 mahakama ikasema vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinavunja Mkataba wa Jumuiya. Mkataba huo ni wetu pia, kwa hivyo hukumu hiyo inatuhusu hata sisi wa huku.

Na jirani anahitajika zaidi siku nyumbani kukiwaka. Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kurusha maandamano mubashara. Baraza letu lilipinga, na Mahakama Kuu ikasimamisha amri ile. Pongezi kwao. Lakini baraza hilohilo linategemea pesa za bajeti ya serikali. Siku likibanwa likanyamaza, nani atasema? Baraza la Dar au Kampala halisubiri mshahara kutoka Nairobi. Linaweza kupaza sauti, na letu likawarudishia siku yao ikifika.

Kwa hivyo sitaki mkutano mwingine wa hoteli na picha ya pamoja. Nataka kitu kidogo tu: kijana wa Kisauni apeleke malalamiko yake hapa Mombasa, kwa Kiswahili. Baraza letu liyapokee, liyatume kwa baraza la nchi ilikotoka habari, na hao wajibu ndani ya siku zinazojulikana. Kiswahili kinaeleweka pande zote mbili, barua pepe haiombi pasipoti. Hakuna sheria mpya inayohitajika ili wakubwa wa mabaraza mawili wapigiane simu.

Na sisi wenye simu na wafuasi, tujipange pia. Ukikosea jina la mtu, rekebisha palepale ulipokosea, usifute kimyakimya. Tusipojisimamia wenyewe, kuna mtu ofisini ameshashika kalamu anatuandikia sheria.