Mbuga ya Wembere Wakati wa Masika

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Igunga huacha nyuma maziwa ya Kindai na Singidani na mawe makubwa yaliyobebana, hupita Misigiri, kisha huteremka mlima Sekenke mpaka Shelui. Hapo nchi hubadilika. Mbele yake hulala mbuga ya Wembere, tambarare na nyeusi, kadiri macho yafikavyo. Wakati wa kiangazi ardhi hupasuka nyufa, na ng'ombe hupita popote. Mgeni hasadiki kwamba hapo ni mahali pa mafuriko.

Lakini Wembere ni kama bakuli. Mto Manonga huleta maji kutoka pande za Shinyanga na Nzega. Nayo huelekea ziwa Kitangiri, kisha hushika mto Sibiti mpaka ziwa Eyasi. Basi mvua ikinyesha mbali, maji yaweza kukufikia na kwako jua linawaka. Tena udongo mweusi ukilowa hunata: mkokoteni huzama, baiskeli haiendi, lori hulala njiani. Ndiyo kusema, njia hufa kabla maji hayajafika mlangoni. Angojaye kuyaona maji ndipo afunge mzigo, amekwisha chelewa.

Kwa hiyo wenye nyumba wa mabondeni wajitayarishe mapema, mvua zisijakolea.

Kwanza, baba na mama wapatane mahali pa kukimbilia: kwa ndugu, au shule iliyo juu. Kila mtoto aijue njia.

Pili, wazee, wagonjwa na wajawazito watangulie, na mifugo ihamishwe mchana, njia ingali kavu. Mtu akirudi majini kumfuata mbuzi mmoja, huenda asionekane tena.

Tatu, madebe machache ya mtama, pamoja na mbegu, yawekwe kwa ndugu aliye juu. Ghala zima halibebeki siku moja.

Nne, uwepo mfuko mmoja usiopenya maji: vyeti, kadi za kliniki, dawa, kiberiti, chumvi na tochi. Cheti cha ubatizo kikipotea, daftari la parokia lipo. Dawa za mgonjwa zikisombwa, usiku ule hazina badala.

Wenye tembe wana hatari nyingine. Paa la udongo likinywa mvua ya siku nyingi huwa zito mno, na kuta zikilowa chini nyumba huwaangukia waliolala. Ukiona ufa mpya, toka. Na baada ya mafuriko, chemsheni maji ya kunywa, kwa maana vyoo na visima vimekuwa kitu kimoja, na kipindupindu hufuata.

Mtu wa mlimani asiseme, "Hayo hayanihusu." Majirani zetu wa Katesh, chini ya mlima Hanang, walipatwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na miti kutoka mlimani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Wengi hawakupata nafasi hata ya kushika kitenge. Maji ya mbuga, yajapo polepole, hutupa nafasi ambayo tope lile halikuwapa wao. Tusiipoteze.

Jioni ya leo, baada ya chakula, waulizeni watoto: "Maji yakija, tunakwenda wapi?" Wakitoa majibu mawili, kazi bado haijaisha.