STAA WA PIKIPIKI ALIYEPUNGUZA UKALI NDO AKAANZA KUSHINDANA

Staa mmoja wa motokrosi, jina kapuni, alikuwa anatamba mtandaoni na Yamaha YZ450F yake ya 2018, anaiita "mnyama". Kumbe mnyama anamtesa! Akitoka kona, akivuta mafuta kidogo tu, tairi la nyuma linazunguka bure, anapitwa na vijana wenye 250. Siku moja ikamtupa, akavunjika mkono. Mama yake akasema: uza.

Hakuuza. Fundi alichukua simu, akaingia kwenye kompyuta ya injini kwa Wi-Fi. Akaongeza petroli na kuchelewesha cheche pale injini inapozunguka taratibu. Nguvu zikaanza kuja kwa mpangilio.

Hilo hajalitamba popote, anaona aibu. Ila sasa anamaliza mbio, na mama yake anaenda kumwangalia.

Wewe ungekubali kupunguza?