Safari ya Kwimba: Watoto Wanausaka Mwili Wao

Mtu aendaye Kwimba kutoka Mwanza hushika barabara kuu ya Shinyanga mpaka Hungumalwa, na hapo hukata kushoto kuelekea Ngudu. Yale mawe makubwa ya Mwanza yaliyopandana hubaki nyuma, na mbele hutanda mbuga ya udongo mweusi, mashamba ya pamba, na mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa matuta, ambayo Wasukuma huyaita majaruba. Mvua ikinyesha, maji husimama ndani yake kwa wiki nyingi. Nawaomba myakumbuke maji hayo, maana nitayarudia.

Nilikwenda huko mwezi wa Februari kumwona binamu yangu, ambaye ni mwalimu wa sayansi katika shule moja ya kijijini. Nilipofika alfajiri kwa pikipiki, vumbi mpaka masikioni, nilimkuta amepiga magoti chini ya mwembe wa shule akimwaga majivu. "Mwangaluka!" nikamwamkia. Akaitika bila kuinua kichwa. Kumbe alikuwa akichora mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mrefu kama hatua tano, amelala chali, mikono ameinyosha, na ndani yake hamna kitu.

"Leo darasa la sita watamjaza," akaniambia.

Shule ile haina sanamu ya mwili wala picha za ukutani. Kitabu kimoja husomwa na watoto wanne au watano. Basi yeye alikata maboksi ya sabuni yakawa kadi, na juu ya kila kadi akaandika kitendawili alichokitunga mwenyewe. Kadi akazificha kila mahali: nyuma ya mlango wa darasa, chini ya mawe, kwenye uzio wa bustani, hata ndani ya kengele. Wanafunzi ni 84, wakagawanywa makundi saba. Kila kundi lilipaswa kutafuta kadi, kutegua kitendawili, kisha kuja kuweka kiungo mahali pake ndani ya yule mtu wa majivu.

"Kitendawili!" akapaza sauti. "Tega!" wakaitika wote, wakatawanyika kama kuku walioona mwewe.

Nilikaa chini ya mwembe nikitazama. Kadi moja ilisema: Ngoma yangu hupigwa hata mwenyewe akiwa amelala. Moyo huo, nao hawakuchelewa kuutambua. Mwalimu akawasimamisha hapo hapo, akawafundisha kugusa mshipa wa kifundo cha mkono na kuhesabu kwa dakika moja. Waliotoka mbio walipata mapigo 120 na zaidi. Walipopumzika, mengi yalishuka hadi 80 hivi. Kundi jingine likaleta ini likaliweka upande wa kushoto. Pakawa na kelele, mpaka msichana mmoja ambaye baba yake huchinja mbuzi sokoni akalihamishia kulia, chini ya mbavu, naye hakutaka kubishana na mtu.

Kicheko kikubwa kilikuwa cha utumbo mwembamba. Ulikuwa kamba ya katani ndani ya kikapu kidogo. Wakavuta, wakavuta, kamba haiishi, mpaka zikatimia mita 6. "Yote hii imo tumboni mwangu?" akauliza mtoto mmoja, akijishika kitovu kwa mashaka.

Kwenye mbavu ndipo ulipozuka ubishi. Wavulana wakasema mwanaume ana ubavu mmoja pungufu, kwa sababu Mungu aliutwaa kwa Adamu. Mwalimu akamweka mvulana upande mmoja na msichana upande mwingine, kila mmoja akajihesabu mwenyewe kwa vidole: jozi 12 huku na jozi 12 kule. (Ubishi huu ni wa kale. Daktari Vesalius aliandika jambo lilo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1543.) Katekista, aliyekuwa amefika kwa kipindi cha dini, akacheka akasema: "Babu yangu alikatwa kidole na shoka, lakini baba yangu alizaliwa na vidole kumi." Wavulana wakanyamaza.

Kadi ya mwisho ilikuwa hii: Mapacha wa mgongoni wanachuja usiku na mchana; wanachokitupa hungoja ghalani. Mapacha ni figo. Ghala lake mwalimu alikuwa amelificha ndani ya kibuyu jikoni: kibofu halisi cha mbuzi, kilichopulizwa na kukaushwa. Aliyekipata ni mvulana mmoja mpole ambaye asubuhi yote hakuwa amesema neno. Alikuja nacho polepole, akakiweka mahali pake barabara, asikosee hata kidogo. Kisha hakuondoka.

"Mwalimu," akauliza, "ile damu hutoka humu au kwenye figo?"

"Damu gani, mwanangu?"

"Ile ya mwisho wa kukojoa."

Nilitazamia watoto wacheke. Hawakucheka. Mmoja akasema kaka yake alimwambia ni dalili ya kuwa mwanaume. Mwalimu akaketi chini kwenye majivu, akauliza kwa sauti ya kawaida ni nani mwingine anayeiona. Mikono ikainuka mmoja mmoja: tisa, kisha kumi na mmoja.

Hapo ndipo nirudipo kwenye majaruba. Ugonjwa huo ni kichocho. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu kandokando ya kibofu, na mayai yao yenye mwiba huchana ukuta wa kibofu yakitoka na mkojo. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, na baada ya wiki kadhaa hutoka wengi wakiogelea, wakatoboa ngozi ya yeyote asimamaye majini. Usipotibiwa kwa miaka mingi, kibofu hukakamaa, figo huharibika, na hata saratani ya kibofu yaweza kufuata. Dawa yake, prazikwanteli, humezwa kwa siku moja tu. Lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi majini.

Alasiri mwalimu alipita nyumba kwa nyumba, nami nyuma yake. Baba wa yule mvulana tulimkuta jarubani, maji magotini, akipandikiza miche. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, asiseme kitu.

Kesho yake walikuwa zahanati kabla ya mganga kufungua mlango. Mganga alipima mkojo, kisha akamsimamisha mtoto kwenye ufito wenye alama ambao huonyesha idadi ya vidonge kwa urefu wa mtoto. Mtoto akameza vyote mbele yetu, akikunja uso kwa uchungu wa dawa. Kisha baba akavua kofia, akasogea mwenyewe kwenye ufito.

"Na mimi nipime, bwana mganga. Nimeingia majaruba tangu sijaota meno ya pili."

Mganga akamwambia ufito ule ni wa watoto, akampa kikopo cha mkojo, akamwelekeza kwenye mizani.