Asili ya Kamioneti ya Zamani

Mtu akitaka kununua shamba huuliza kwanza: lilikuwa la nani, na mipaka yake iko wapi? Akitaka kununua mbuzi, humfungua kinywa na kutazama meno. Lakini mbele ya motokari ya zamani watu wengi huamini maneno matupu. Mmoja akisema, «Hii ilipigana vita», wanaitikia. Mwingine akisema, «Hii ni chuma kikuukuu tu», wanaitikia vilevile. Sisi tumeliona jambo hili kwa macho yetu, na tunataka kuwaeleza, wasomaji wapenzi, maana liligusa riziki ya mjane.

Mtaani kwetu, hapa Likasi, yuko mama mmoja ambaye marehemu mume wake alimwachia kamioneti ya Dodge. Ilisimama chini ya mwembe miaka mingi, kuku wakilalia ndani. Masomo yalipokaribia kuanza, na watoto wawili wa sekondari hawajalipiwa, mama aliamua kuiuza. Akaja mnunuzi mmoja, akataka kuipima kwa kilo, kama chuma cha kuyeyushwa. Kijana wa kwanza wa mama naye alikuwa akitangaza kwamba ni gari ya jenerali, akadai bei ya kutisha. Ndipo mama akatuita sisi majirani watatu tuliozeeka katika kazi ya garaji. Akasema: «Wababa, niambieni kweli. Kitu hiki ni nini?»

Kwanza tulichukua utepe wa kupimia. Maana kamioneti hizi za Dodge zinazofanana ni ndugu watatu, na watu huwachanganya. Mkubwa wao ni ile ya vita kuu ya pili, WC-51, pamoja na pacha wake WC-52 mwenye winchi mbele. Zilitengenezwa Marekani tangu mwaka 1942 hadi 1945. Za WC-51 peke yake zilipita 100,000. Wa pili ni Power Wagon, iliyoanza kuuzwa kwa raia mwaka 1946. Wa tatu ni M37, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi tangu mwaka 1951 hadi 1968. Pima toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Ile ya vita ina karibu metro 2.49, M37 ina 2.84, na Power Wagon ya kawaida ina 3.20. Tazama na milango pia: ile ya vita haina milango ya chuma, M37 inayo milango lakini paa lake ni turubai, na Power Wagon ina kibanda cha chuma chenye paa. Kamioneti ya mama ilikuwa na metro 2.49, wala haikuwa na mlango. Basi, ukoo ulijulikana.

Pili tulitazama dashibodi. Hapo magari ya jeshi la Marekani huwa na vibati vyenye maandishi: jina la gari, namba yake, na tarehe ya kukabidhiwa jeshi. Tulipangusa vumbi, tukasoma WC-51, mwaka 1943. Wengi hudhani herufi hizo mbili zina maana ya kubeba silaha. Sivyo. Ni alama za kiwanda tu: W ni ya mwaka 1941, na C ilikuwa alama ya gari la kubeba nusu tani. Walipotengeneza gari la robo tatu ya tani hawakuibadilisha.

Kijana alishangilia. Lakini sisi tulimwambia angoje. Kibati hushikwa kwa skrubu, na kilichofungwa kwa bisibisi hufunguliwa kwa bisibisi. Tena siku hizi vibati vipya vinavyofanana na vya zamani vinatengenezwa na kuuzwa kwa watu wanaopamba magari ya namna hii. Kibati ni shahidi mmoja tu, nasi tulitaka mashahidi wawili au watatu. Tukasugua chasi kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, hata namba iliyogongwa katika chuma ikatokea. Ilikuwa ileile ya kibati.

Ikabaki injini. Ubavuni mwa injini, upande wa kushoto, kuna namba. Ya WC-51 huanza kwa T214. Hii ilianza kwa T245, yaani injini ya M37. Tena kwenye chuma chenyewe palikuwa na tarehe iliyoinuka, ile ya siku chuma kilipomiminwa: mwaka 1952. Gari iliyokabidhiwa mwaka 1943 haiwezi kuzaliwa na moyo wa mwaka 1952. Kumbe walikuwa wamembadilishia moyo.

Kijana alinyamaza. Halafu akasema kwa sauti ndogo: «Tuisugue namba kwa tupa. Nani atajua?» Mama yake akamjibu: «Mwanangu, baba yako aliiendesha gari hii mchana, mbele ya watu. Mimi sitaiuza gizani.»

Mwisho tulisugua rangi pole pole ubavuni mwa boneti, kwa msasa laini na maji. Chini ya buluu kulikuwa na nyeupe, na chini ya nyeupe kijani cha jeshi, na tarakimu zilizofifia zikianza na 2, kama zilivyoanza namba za jeshi la Marekani kwa kamioneti za namna hii. Lakini alama ya jenerali haikuwepo, wala alama ya kusema ilipigana wapi.

Tukaandika karatasi yenye mafungu matatu: mambo yaliyothibitishwa, mambo yaliyobadilishwa, na mambo yasiyo na shahidi. Jenerali tulimtia katika fungu la tatu. Baada ya majuma machache akafika mtu wa Lubumbashi anayetengeneza magari ya zamani. Alisoma karatasi, akalala chini ya gari karibu saa nzima, akilinganisha kila neno. Alipotoka alisema: «Nimekuta kila kitu kama mlivyoandika.» Akalipa mara nyingi kuliko bei ya chuma, ingawa chini ya ndoto ya kijana. Watoto wakaingia shuleni, na nyumba ikapata mabati mapya.

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Mtu aliyedanganywa juu ya injini hatasadiki tena hata kibati cha kweli. Basi, msomaji, kama nyumbani kwenu iko motokari ya namna hii, usiipake rangi mpya kabla ya kuichunguza. Usivunje vibati wala kusugua namba. Zipige picha kwa simu yako, uziandike katika daftari, na uwaulize wazee wangali hai: ilinunuliwa kwa nani, na injini ilibadilishwa lini? Chuma kina subira, kitangoja. Wazee hawatangoja.