Kutoka Chuoni hadi Kona za Michezo: Safari ya Elimu ya Watoto Pwani ya Kenya

Elimu inayomlenga mwanafunzi ni mkabala wa ufundishaji ambao humfanya mtoto kuwa mtendaji mkuu wa somo, akachagua, akajaribu, akauliza na kusonga mbele kwa mwendo wake, huku mwalimu akiwa mwelekezi na si mwenye neno la kwanza na la mwisho. Vitabu vya vyuo vya ualimu huianza historia yake Ulaya, kwa Maria Montessori aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma mwaka 1907, na kwa A. S. Neill aliyeasisi shule ya Summerhill mwaka 1921. Hata hivyo, waliokulia Pwani ya Kenya katika miaka ya 1970, akiwemo mwandishi wa kumbukumbu hizi, wanajua kwamba huko kwao mkabala huo ulipita njia nyingine, uliyafikia madarasa ya watoto wadogo kupitia mlango wa madrasa, na ulikuta baadhi ya misingi yake tayari imo katika elimu ya zamani.

Elimu hiyo ya zamani ilikuwa ya chuoni, yaani mahali pa kusomea Kurani, ambapo mtoto alipelekwa kabla ya kuanza shule na, baada ya kuanza shule, aliendelea kwenda alasiri na siku za mapumziko. Wazee waliosoma kabla ya Uhuru walikumbuka ubao ulioandikwa kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, ukaoshwa mtoto alipokwisha kuhifadhi somo lake. Kizazi cha miaka ya 1970 kilikuwa tayari kinasomea vijuzuu vilivyopigwa chapa. Watoto waliketi mkekani bila kugawanywa kwa madarasa, kila mmoja akisoma pake kwa sauti, huyu akiwa bado katika herufi na irabu zake za fataha, kasra na dhuma, yule akiwa katika sura fupi za juzuu ya mwisho, na mwalimu akiwaita mmoja mmoja kuwasikiliza. Aliyekosea alirudishwa kwenda kudurusu, aliyepata alipewa somo jipya, na wanafunzi wakubwa waliwasomesha wadogo.

Kwa kipimo cha wataalamu wa leo, chuo kilikuwa na mambo mawili ambayo shule nyingi za kisasa bado zinayatafuta: mtoto hakuvushwa kwenda sura nyingine kabla ya kuimudu ya kwanza, na hakuna aliyeitwa mjinga kwa sababu tu mwenzake wa rika moja alihitimu mapema. Pamoja na hayo, chuo kilikosa nusu ya pili ya mkabala huo. Mtoto alihifadhi asichokifahamu maana, swali lake halikuwa na nafasi, na henzirani ilikuwa karibu na mkono wa mwalimu. Wazazi wengi hawakuiona fimbo hiyo kuwa kasoro, kwa kuwa walimkabidhi mtoto kwa mwalimu kwa imani kwamba malezi na adabu ni sehemu ya elimu yenyewe.

Shule ya serikali ilileta mpangilio tofauti kabisa. Watoto waligawanywa kwa umri, kengele ikakata vipindi, na wote wakatakiwa kufika ukurasa mmoja siku moja. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kumpa mwanafunzi miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulibuniwa kwa nia ya kukuza stadi za mikono na kujitegemea, lakini mtihani wa Cheti cha Elimu ya Msingi, uliojulikana kwa herufi KCPE, uliimeza nia hiyo kwa kuwa ndio ulioamua nani aende shule gani ya sekondari. Swali aliloulizwa mtoto nyumbani mwishoni mwa muhula halikuwa amejifunza nini bali ameshika nambari ngapi, na aliyeshika mkia alibaki nyuma huku darasa likisonga mbele bila yeye. Hivyo shule ilipoteza hata ule mwendo wa mtoto mmoja mmoja ambao chuo kilikuwa nao, na ikaichukua fimbo kama ilivyokuwa.

Kati ya mifumo hiyo miwili, familia nyingi za Kiislamu za Pwani zilijikuta njia panda. Shule za chekechea, yaani za watoto wasiofikia umri wa darasa la kwanza, zilikuwa za kulipia na nyingine ziliendeshwa na makanisa, kwa hiyo wazazi walioshikilia dini yao walisita kuwapeleka watoto huko. Lakini mtoto aliyekwenda chuoni peke yake alifika darasa la kwanza akiwa hajazoea Kiingereza, hesabu wala utaratibu wa shule, akaanza mbio akiwa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, msaada wa kuinua elimu ya watoto wao, na kutokana na ombi hilo Wakfu wa Aga Khan ulianzisha mjini Mombasa, katikati ya muongo huo, mradi wa chekechea ndani ya madrasa. Aliyeubeba mradi huo tangu siku zake za mwanzo ni Bi. Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, ambaye alikwenda mtaa kwa mtaa akizungumza na wazazi, maimamu na kamati za misikiti.

Mtaala uliotungwa uliunganisha mafunzo ya dini, mila za Waswahili na mbinu za HighScope, mkabala uliokuzwa na David Weikart na wenzake katika mji wa Ypsilanti, Marekani, kuanzia miaka ya 1960. Kiini cha mbinu hizo ni mzunguko wa hatua tatu: mtoto hupanga atakachofanya, hukifanya, kisha husimulia alivyokifanya. Chumba kiligawanywa katika kona, ya nyumbani, ya ujenzi, ya vitabu na ya sanaa, na vifaa vyake havikutoka dukani bali vilikusanywa na walimu na kina mama: vifuu vya nazi, makombe ya baharini, vizibo vya chupa, ukili, mabaki ya vitambaa na magogo yaliyosuguliwa yasimchome mtoto. Asubuhi mtoto alimwambia mwalimu kwamba leo atapika, akaingia kona ya nyumbani, akapanga vifuu vyake kwa ukubwa na kuwagawia wenzake sahani. Baadaye, katika duara mkekani, akaeleza walikuwa watu wangapi na ni sahani ngapi zilipungua. Hapo alikuwa amejifunza kuhesabu, kulinganisha na kujieleza, kisha sura fupi na dua zikasomwa katika siku hiyo hiyo na chini ya dari hilo hilo.

Wazazi wengi hawakuridhika mara moja. Walilalamika kwamba watoto wanacheza tu, wakadai madaftari yaliyojaa herufi na hesabu kama yale ya chekechea za mjini, na wapo waliowahamisha watoto wao kwa sababu hiyo. Kilichowatuliza si hotuba bali ushiriki, kwa maana jamii yenyewe ndiyo iliyotoa chumba, ikachagua kamati ya shule ambayo wanawake walitakiwa kuwamo, na ikapendekeza mabinti wa mtaa huo wafunzwe ualimu. Mzazi aliyeokota vizibo kwa ajili ya kona ya hesabu alitaka kujua vinatumikaje, na alipoona mtoto wake akivipanga kwa makundi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa njia hiyo mradi ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na hatimaye ukahudumia shule zaidi ya 200 katika Kenya, Zanzibar na Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ambao uliwalinganisha watoto waliopitia chekechea hizo, waliopitia chekechea za aina nyingine na waliobaki nyumbani, ulionyesha kwamba makundi mawili ya kwanza yalikua kiakili kuliko la tatu, na kwamba waliopitia madrasa walipiga hatua kubwa zaidi.

Yaliyoanza mkekani yalikuja kuwa sera ya taifa. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, Katiba ya 2010 ikakabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, na mwaka 2017 ukaanza kufanyiwa majaribio Mtaala wa Umilisi, yaani mtaala unaopima kile ambacho mwanafunzi anaweza kukitenda badala ya kile alichokariri. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na katika ripoti za watoto nambari za darasani zimeondoka, zikaja kauli kama anafikia matarajio au anakaribia matarajio. Ni mabadiliko makubwa kwa kizazi kilichokua kikitetemeka siku ya kufunga shule. Lakini mtaala huo ulishuka kutoka juu, ukawakuta walimu waliopewa mafunzo ya siku chache na madarasa yaliyofurika watoto, na wazazi ambao kazi za mradi walizopewa watoto ziliwajia kama gharama ya kununua karatasi za manila na kuchapisha picha, wala si mwaliko wa kushiriki. Vifaa ambavyo Bi. Swafiya na wenzake waliviokota ufukweni na jikoni vikageuka kuwa orodha ya dukani.

Kwa hiyo tofauti kati ya mafanikio ya madrasa na misukosuko ya Mtaala wa Umilisi haimo katika falsafa, kwa sababu mitaala yote miwili inamweka mtoto katikati. Imo katika mwenye shule: chekechea za madrasa zilikuwa za mtaa kabla hazijawa za wataalamu, zikaheshimu dini na lugha ambazo mtoto alitoka nazo nyumbani. Serikali za kaunti, ambazo sasa ndizo zinazoajiri walimu wa chekechea, zinao mfano huo karibu, na baadhi ya walimu wa awali wa mradi wa madrasa wangali hai katika mitaa ya Pwani. Inafaa waitwe, wasikilizwe na wapewe nafasi ya kuwafunza vijana wanaoingia kazini leo, kabla ujuzi wao haujazikwa pamoja nao.