Alama ya Kujumlisha

Huko Butembo tulikuwa na maktaba ndogo isiyohitaji intaneti: kompyuta ya Raspberry Pi, ndogo kama kiganja, iliyotunza vitabu vya shule na kuvigawa kwa simu zilizo karibu. Ilitumika tangu 2017 bila kutusumbua, isipokuwa mawingu yalipoishinda paneli ya jua. Wenzetu wa Beni wakaomba nao wapate yao. Tukanunua bodi ya pili, ya okazi, tukamkabidhi fundi kijana wa Beni aitengenezee sanduku na waya za betri. Kadi ya kumbukumbu tuliinakili sisi wenyewe kutoka ile ya Butembo.

Siku ya kuiwasha, mbele ya watu wengi, skrini ilionyesha mraba wenye rangi za upinde wa mvua, kisha basi. Tulijaribu chaja tatu. Tukairudisha kadi Butembo, kilometa zaidi ya 50 kwa pikipiki. Kule ikawaka bila shida. Ndipo mmoja wetu akasema, na sisi wengine tukanyamaza, kwamba fundi alichomoa bodi nzima akaweka mbovu. Neno hilo lilitoka kikaoni likafika sokoni kabla ya jioni. Beni imekwisha kuona mengi ya kuwafanya watu washukiane. Halikuhitaji kuongezwa letu.

Fundi hakugombana. Aliomba sanduku lifunguliwe mbele ya walewale waliosikia akiitwa mwizi, na bodi ya Butembo iletwe iwekwe kando yake. Zilifanana kama mapacha: matundu manne ya USB, tundu la mtandao, pini 40. Lakini kichakato cha bodi ya Butembo kilikuwa cheusi, na cha Beni kilivaa kofia ya chuma. Kisha akatuonyesha maandishi meupe yaliyochapwa kwenye bodi zenyewe. Ya kwetu ilisema 3 Model B. Ya pili ilisema 3 Model B+.

Mweka hazina akafungua daftari lake. Kwenye risiti ya ununuzi, iliyobandikwa humo kwa mkono wetu wenyewe, iliandikwa B+. Tuliiona alama ile siku ya kununua, tukadhani ni madoido ya mfanyabiashara.

Model B+ ilitoka Machi 2018. Programu ya kadi yetu ilikuwa ya 2017, kwa hiyo haikuweza kuitambua bodi iliyozaliwa baada yake. Fundi aliweka programu mpya, na bodi iliyoitwa mbovu ikawaka. Akafungua faili la mfumo liitwalo /proc/cpuinfo, akatusomea mstari wa mwisho-mwisho wenye neno Revision: a020d3. Ya Butembo ilikuwa a02082. Hapo wengi wetu tulisahau aibu kwa muda, maana namba hiyo husomwa kama nasaba ya mtu. Herufi a hueleza kwamba kumbukumbu ni gigabaiti 1. Sufuri inayofuata ni kiwanda cha Sony cha Uingereza. 2 ni aina ya kichakato. 08 ni Model B, na 0d ni Model B+. Tarakimu ya mwisho ni toleo la marekebisho. Ukikuta a22082, bodi ni Model B ileile, ila imetengenezwa na Embest. Asiyejua hayo huamua kwa umbo, na umbo ndilo lililotudanganya.

Tulimwomba msamaha palepale. Alikubali, akadai kitu kimoja tu: namba ya kila bodi iandikwe kwa wino usiofutika juu ya kifuniko cha sanduku lake, ili atakayekuja baadaye asihitaji kukisia. Tumefanya hivyo, Butembo na Beni.

Jumapili iliyofuata tulipita sokoni, meza kwa meza, tukieleza kosa lilikuwa la nani. Wengine walicheka. Wengine walisema hawakuwahi kuliamini neno lile, ingawa tulijua walilirudia. Wateja wake wawili, wote wauza simu, walitusikiliza kwa heshima hadi mwisho. Hadi leo wanapeleka kazi zao kwa fundi mwingine.