Huku Akaunti, Kule Laini

Kubadilisha simu Leeds, Uingereza, na kubadilisha simu Voi, Kenya, ni kazi mbili tofauti, hata kama simu zenyewe zimetoka kiwanda kimoja. Watu wengi husema tofauti ni pesa na intaneti. Mimi, mtoto wa Sagalla, karibu na Voi, ninayeishi Leeds, naona kuna jambo zito zaidi: huku mali iliyo ndani ya simu inashikiliwa na akaunti, kule inashikiliwa na laini. Ukilielewa hilo utajua kwa nini mama wa Sagalla anaweza kuhama simu kwa dakika mbili bila wasiwasi wowote, kisha mwaka ukiisha hana hata picha moja ya harusi ya bintiye.

Huku: unaziacha mezani, unaenda kupika

Ukinunua simu huku, muuzaji hana habari na majina yako wala picha zako. Anakupa boksi, unaondoka. Ukifika nyumbani unaiwasha ile mpya kando ya ile ya zamani. Kama zote ni iPhone, kwenye kioo cha ile mpya kinatokea kiwingu cha nukta kinachozunguka. Unakielekezea kamera ya ile ya zamani, unaingiza namba ya siri, unazichomeka kwenye chaji na kuziacha mezani. Samsung wana programu yao inayoitwa Smart Switch. Anayetoka Android kwenda iPhone anatumia Move to iOS, ambayo Apple waliitoa mwaka 2015. Unapika, unakula, ukirudi unakuta kila kitu mahali pake: picha, meseji, kengele ya saa kumi na moja alfajiri, hata paswadi ya Wi-Fi ya kazini.

Na kama ile ya zamani ilitumbukia kwenye sinki juzi, bado hujaumia sana, mradi ulikuwa unahifadhi nakala. Google humpa kila mtu GB 15 za bure, Apple humpa GB 5, na zikijaa unalipa kila mwezi. Tangu mwaka 2021 Apple humwazima mteja anayehamia simu mpya nafasi ya ziada bila malipo kwa wiki tatu, ahamishe vitu vyake kwa utulivu.

Namba ya simu yenyewe inahama kimyakimya. Tangu Julai 2019, anayetaka kuacha kampuni moja na kwenda nyingine na namba yake anatuma neno PAC kwenda 65075, anapewa msimbo, anaupeleka kwa kampuni mpya, na siku ya kazi inayofuata namba imehamia. Siku hizi wengine hawana hata laini ya kushika mkononi, wanatumia eSIM. Ndiyo maana ukimuuliza Mwingereza ni kitu gani cha simu akikipoteza atalia, hatakutajia laini. Atakutajia paswadi ya barua pepe.

Ile simu ya zamani inafutwa, inarudishwa dukani kwa punguzo la bei au inauzwa mtandaoni. Nyingine husafiri mbali, ukazikuta madukani Luthuli Avenue, Nairobi, zikinadiwa kama simu za "ex-UK".

Kule: "Majina yako kwa laini ama kwa simu?"

Voi mjini, simu inahamishwa kwa fundi. Kibanda chenyewe ni meza moja na kiti: taa ya kuinamia, pasi ya kulehemu, kopo la spiriti, vioo vilivyopasuka vimepangwa kama sahani, na sindano iliyofungwa uzi kwenye mguu wa meza ili isipotee. Hiyo sindano ndiyo ya kutolea laini, na ndiyo chombo kikuu cha kuhamishia simu katika mji mzima.

Nilikuwa nimesimama hapo nikingoja chaja yangu wakati mama mmoja aliyeshuka na matatu ya Sagalla alipotoa simu mbili kwenye kikapu: Tecno yenye kioo kilichopasuka, na nyingine mpya aliyoletewa na mwanawe wa Nairobi.

"Mama, majina yako kwa laini ama kwa simu?" fundi akamuuliza.

"Hata sijui, mwanangu. Angalia wewe. Mradi M-Pesa isipotee."

"M-Pesa haipotei, mama. Hiyo inaenda na laini."

Sindano ikaingia, laini ikatoka, ikaingizwa kwenye simu mpya, mtandao ukashika. Yule mama akageuka upande, akafunika simu na leso, akabonyeza namba ya siri na kuangalia salio. Akatabasamu, akaanza kufunga kikapu chake. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

"Na picha je, mama?" fundi akauliza.

"Picha gani? Aaa, kumbe! Za mjukuu wangu zimo humo."

Basi fundi akafungua programu ya Xender kwenye simu zote mbili. Moja ikatengeneza mtandao wake yenyewe, nyingine ikapiga picha msimbo wa QR, na picha zikaanza kuvuka bila kula hata shilingi ya bando. Asingeuliza, zile picha zingebaki ndani ya Tecno iliyopasuka, na Tecno hiyo ingepewa mtoto wa jirani achezee gemu.

Laini ilipata wapi cheo hiki?

Si ushamba. Watu wetu walijifunza kuiamini laini kwa sababu laini ndiyo imewafaa. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, wengi nyumbani walikuwa na kabambe, yaani simu ndogo za vitufe, au hawakuwa na simu kabisa. Kulikuwa na watu waliotembea na laini peke yake mfukoni, wakaazima simu ya jirani dakika tano, wakaangalia pesa zao, wakaitoa na kwenda zao. Menyu ya M-Pesa iliwekwa ndani ya laini, na pesa zenyewe zikaandikwa kwenye hesabu za kampuni. Simu ikawa chombo cha kupitia tu. Ikivunjika, ikiibwa, ikizama ndani ya pipa la maji, unasajili laini upya kwa kitambulisho na pesa zako unazikuta.

Mambo ya karibuni yameiongezea imani hiyo nguvu. Julai 2020 Safaricom na Google walileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao wakati huo ulimwezesha mtu kuchukua simu ya 4G kwa shilingi 1,000 za kuanzia na shilingi 20 kwa siku. Usipolipa, simu inafungwa na kampuni, pamoja na picha zako ndani. Lakini laini unaichomoa, unaiweka kwenye kabambe, maisha yanaendelea. Linganisha na huku, ambako tangu Desemba 2021 kampuni za simu zimekatazwa kuuza simu zilizofungiwa mtandao mmoja. Mtu wa kule ana sababu nzuri ya kutoweka moyo wake kwenye kifaa.

Tatizo ni kwamba laini ni chumba kidogo mno. Nyingi huchukua majina kama 250, na kila jina linakatwa herufi zikizidi. Haibebi picha, haibebi sauti, haibebi WhatsApp. Na kuna kitu kingine ambacho watu wengi hudhani kiko kwenye laini kumbe kiko kwenye simu: meseji za M-Pesa. Kwa familia nyingi zile meseji ndizo risiti za karo, za chama, za kiwanja kinacholipwa kidogo kidogo. Xender inavusha picha na video, risiti zinabaki nyuma. Siku mhasibu wa shule akisema hajaona malipo ya muhula uliopita, ndipo mzazi anakumbuka simu iliyopasuka. Ni kweli taarifa ya M-Pesa unaweza kuiomba kwa *334#, lakini inatumwa kwa barua pepe, na hapo tumerudi kwenye akaunti ambayo mama hana, au anayo na paswadi yake aliibuni kijana wa kwenye duka la simu.

Daftari ukutani

Hata hivyo, kule wana hifadhi ambayo huku tumeisahau. Ingia nyumba yoyote ya upande wa chini wa Sagalla, Mwakoma au Mwambiti, uone. Kuna daftari la shule lenye majalada yaliyojikunja, limetundikwa kwa msumari au limewekwa juu ya kabati la vyombo. Ndani yake kuna namba: za watoto, za boda anayejua njia usiku, za mwenye maziwa, za mhudumu wa afya wa kijiji. Na katika nyumba nyingi kuna namba ya askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Hiyo si namba ya mapambo. Upande huo unapakana na mbuga ya Tsavo, na mahindi yakikaribia kukomaa ndovu hushuka shambani usiku. Uzio wa mizinga ya nyuki, ambao umekuwa ukijaribiwa Sagalla tangu mwaka 2009, umesaidia, kwa sababu ndovu hapendi nyuki. Lakini si kila shamba lina mizinga. Ndovu akiwa kwenye mihogo saa nane usiku, simu ikiwa mpya na majina yamebaki kwenye ile ya zamani, hapana wingu la Google litakalokufaa pale ambapo mtandao unashika ukisimama kando ya choo tu. Unachukua tochi, unafungua daftari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakizungumzia biashara, lakini maneno hayo yanaifaa simu vilevile. Mimi hapa Leeds, simu yangu ikizimika njiani, sijui kwa kichwa namba ya mtu yeyote isipokuwa ya mama, na hiyo naijua kwa sababu niliikariri nikiwa shule ya msingi.

Simu tunazotuma sisi

Sasa nifike mahali ambapo huku na kule hugongana: simu tunazowapelekea wazee. Mtu anapata mpya, ile ya zamani anaitia kwenye begi la rafiki anayesafiri, na mama anaipokea kwa shangwe. Fundi anaweka laini, M-Pesa inafunguka, kila mtu anafurahi. Lakini simu bado ina akaunti ya mtoto. Kuanzia siku hiyo kila picha anayopiga mama, ya mbuzi aliyezaa, ya kikundi cha akina mama wa kanisa, ya barua ya hospitali, inapanda kwenye hifadhi ya mtoto Ulaya. Mtoto akisafisha picha zake ili apate nafasi, anafuta na za mama.

Halafu siku moja simu inagoma, fundi anaifuta yote ili aanze upya, na simu inauliza paswadi ya mwenye akaunti. Apple waliweka kufuli hilo mwaka 2013 na Android wakafuata mwaka 2015, ili mwizi asifaidike. Kufuli halijui kutofautisha mwizi na mama mzazi. Kule simu inaonekana ni yake kwa sababu laini yake imo. Huku, kwa macho ya kampuni, bado ni ya mtoto.

Suala la siri nalo halina upande ulio safi. Fundi anapohamisha picha kupitia kompyuta yake, nakala inaweza kubaki humo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini sheria haikai kibandani. Sisi huku tunacheka, ilhali tumezipa kampuni za Marekani albamu nzima ya ukoo. Mama angalau anamjua fundi wake kwa sura, na anajua pa kumkuta Jumatatu asubuhi.

La kufanya ukienda nyumbani Desemba

Kabla hujatuma au kubeba simu, ondoa akaunti zako kwa mkono wako mwenyewe, kisha ndipo uifute yote. Usiifute kwanza ukidhani akaunti itaondoka yenyewe.

Ukifika, mfungulie mzazi akaunti yake, kwa jina lake na kwa namba yake. Paswadi iandike kwenye lile daftari la nyumbani, ukurasa wa mwisho. Wengine huku watakuambia usiandike paswadi kwenye karatasi. Wao hawaishi mahali ambapo mtu pekee anayeikumbuka yuko ng'ambo amelala.

Majina yote yahifadhi kwenye akaunti hiyo, na yale kumi ya lazima yaweke pia kwenye laini na kwenye daftari. Namba ya KWS iwe ya kwanza.

WhatsApp ihamishe kwa msimbo wa QR kutoka simu hadi simu. Njia hiyo ipo tangu mwaka 2023 kwa zinazofanana, Android kwa Android au iPhone kwa iPhone, na haihitaji kupandisha wala kushusha nakala kwa bando. Kama mzazi anatumia GB WhatsApp, ile isiyo rasmi waliyomwekea vijana, mweleze kwamba mazungumzo yake hayatavuka kwa njia hiyo ya kawaida.

Meseji za M-Pesa zenye uzito, za karo na za kiwanja, zipige picha ya skrini na uzichapishe mjini.

Na namba ya siri ya M-Pesa usiiulize, hata kama ni wewe unayemtumia hizo pesa. Hiyo ni yake peke yake. Kila kitu kingine kinachohitaji kuhamishwa mnaweza kukihamisha pamoja, mchana mmoja, mkiwa mmekaa kwenye baraza na simu zote mbili zikiwa na chaji.